Kidole Gumba kwenye Mguu wa Mama Mkwe

Masere aliyetufundisha uuguzi Kasongo hakupenda kusikia jina la ugonjwa. Masere ndivyo tulivyowaita watawa wa kike, na huyu alikuwa Mbelgiji mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyetembea na kipande cha chaki mfukoni hata alipokuwa akizungukia wagonjwa. Ukimwambia mgonjwa huyu ana safura, alikutazama kama mtu ambaye bado anasubiri jibu. Alitaka umweleze mwili wa yule mtu umepita njia gani mpaka ukafika hapo. Mguu umevimba, sawa, maji hayo yametoka wapi? Yametoka kwenye mishipa. Na mishipa imeyaachiaje? Hapo aligeukia ubao, nawe ukabaki umesimama ukitokwa jasho mpaka upate la kusema.

Ulikuwa mwaka wetu wa mwisho, na wiki zile tulikuwa kwenye marudio kabla ya mtihani. Asubuhi tulifanya kazi hospitalini, mchana tulikaa kwenye chumba cha nyuma ya duka la dawa na kurudia yote tangu mwanzo: moyo, mapafu, figo, damu, homa, uvimbe. Masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa. Mimi Kifaransa nilikijua cha kujibia, si cha kufikiria. Kwa hiyo kila alasiri, tulipopewa bendeji za kukunja, mimi na mwenzangu mmoja tuliyageuza maneno yale kwa Kiswahili. Yeye alikuwa Mwislamu, mtoto wa fundi cherehani wa upande wa msikiti, mpole, mwenye kucheka bila kutoa sauti. Nilimwambia, "Mwili ukiumizwa unawasha moto wake wenyewe." Naye akamalizia: mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba, panauma. Kisha tukajitazama mikono yetu. Wekundu huo kwenye ngozi zetu ulikuwa wa kutafuta sana. Mwenzangu alisema aliyeandika kitabu chetu cha masomo hakuwahi kumwona mtu wa Kasongo akiwa na jipu. Tulijizoeza kupima kwa mgongo wa kiganja, tukaacha habari ya rangi.

Nilikuwa nimeoa mwaka huohuo. Mimi ni mtoto wa Wakristo wa mashamba ya karibu na Kasongo, watu waliozoea misheni tangu zamani. Mke wangu alitoka Lusangi, upande wa Kabambare. Padri alitufungisha ndoa, lakini kabla ya Padri zilikuwepo siku za wazee, na siku hizo ndugu wa baba yangu alinikalisha chini akanieleza habari ya mkwe. Mama aliyemzaa mke wako humtazami usoni. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye majani na kugeuza mgongo mpaka apite. Ukiwa na neno kwake, unampa mke wako, yeye analifikisha. Hayo hayakuwa mageni kwangu, kwa sababu hata nyumbani kwetu baba alikuwa akimkimbia nyanya yangu mzaa mama namna hiyo. Lakini ndugu wa baba alisema kwa watu wa Kabambare jambo hili ni zito zaidi, nisije nikawaaibisha. Nilimwahidi. Mpaka wakati ninaousimulia, mama mkwe wangu nilimjua kwa mgongo na kitambaa cha kichwa tu, na sauti yake nilikuwa nimeisikia kupitia ukuta wa matete.

Habari zilifika kwamba anaumwa. Anachoka, walisema, hawezi kupanda kilima cha kwenda mtoni bila kukaa chini. Mke wangu akaomba nauli ya mdomo kwa dereva wa lori la pamba, maana yake aliahidi kumpikia njiani, akaenda Lusangi kumtazama. Mimi nilibaki na marudio yangu. Barabara ilikuwa mbaya kwa mvua, sikujua angerudi lini.

Asubuhi moja Masere alitupeleka kwenye chumba kirefu cha wanawake. Alisema amepata mgonjwa mzuri. Hilo lilikuwa neno lake: mgonjwa mzuri ni yule ambaye mwili wake unaonyesha somo lote bila kuficha kitu. Tulitembea nyuma yake na kaptura zetu nyeupe, miguu mitupu kwenye saruji iliyopigwa maji. Kwenye kitanda cha karibu na dirisha alilala mwanamke aliyejifunika kikwembe, kitenge cha kwetu, mpaka juu ya kichwa. Miguu yake tu ilitoka nje, imevimba, inang'aa kama ngozi ya ngoma iliyolowa. Na chini, kwenye mkeka, akiwa ameshika bakuli la uji, alikaa mke wangu.

Alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Nguo zake bado zilikuwa na vumbi la pamba. Walikuwa wamefika jioni iliyotangulia, na walinzi hawakumruhusu kuja kambini kwa wanafunzi kunitafuta. Nikaelewa ni nani aliyekuwa chini ya kikwembe kile. Miguu yangu ilitaka kutoka, na kwa kweli nilikuwa nimekwisha kugeuka nusu, nikitazama mlango, Masere aliponinyooshea kidole.

"Wewe," alisema. "Tuonyeshe muguu."

Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba siwezi. Akauliza kama ninaumwa. Nikasema hapana, lakini mwanamke huyu ni mama wa mke wangu, na kwetu mtu hamgusi mama wa mke wake. Kifaransa kilinikauka katikati ya sentensi. Mwenzangu akasogea mbele na kusema kwa adabu kwamba yeye yuko tayari kuonyesha mguu badala yangu. Wenzetu wengine walikuwa wakitazama sakafu. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakuelewa, na hilo liliniumiza zaidi, kwamba wote walielewa.

Masere hakukasirika. Alijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama anayemtuliza mtoto anayeogopa maji.

"Hapa hakuna mukwe. Hapa iko mugonjwa na munganga."

Wakati huo daktari aliingia. Alikuwa mzungu mnene, mwenye haraka, anayependa chumba kinyamaze anapopita. Aliuliza tunangoja nini. Masere akamweleza, naye daktari akacheka kidogo, bila ubaya nafikiri, kisha akaniuliza siku nitakapopelekwa kwenye dispensari ya porini, peke yangu, nitafanyaje. Nitawaacha wafe wote ambao ni wakwe? Akasema mtihani kwake umekwisha kuanza, na kwamba asiyeweza kugusa mgonjwa hapaswi kuvaa nguo nyeupe. Alisema hayo kwa Kifaransa, mbele ya kila mtu, na alipomaliza akafungua saa yake ya mfukoni na kuitazama.

Nilipiga magoti pembeni ya kitanda. Niliweka kidole gumba juu ya mfupa wa mguu wa mama mkwe wangu, hapo mbele, chini ya goti, nikakandamiza. Ngozi ilikuwa ya baridi. Alishtuka, mguu ukavutwa, kisha akauacha. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki. Tulikuwa tumefundishwa kuhesabu moyoni mpaka shimo lijae, lakini sikuhesabu. Nililitazama shimo lile likiwa pale, alama ya kidole changu kwenye mwili wa mtu ambaye sikuruhusiwa hata kuona kivuli chake, na masikio yakaniwaka moto.

Nikaanza kueleza. Nilieleza kwa Kifaransa nikitazama ukuta. Nilisema maji yametoka kwenye mishipa kwa sababu damu ni nyepesi na imepungukiwa na kile kinachoyashika maji ndani yake, na kwa sababu moyo umechoka. Umechoka kwa sababu damu kidogo inabidi izungushwe haraka ili itoshe mwili mzima. Ndiyo maana mgonjwa anahema akipanda kilima. Na damu imepungua kwa sababu ya minyoo midogo iliyong'ata ndani ya utumbo, kila mmoja unanyonya kidogo, mwaka baada ya mwaka. Minyoo hiyo huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu, kutoka kwenye udongo uliochafuliwa.

Daktari alitikisa kichwa kukubali. Masere alisema, "Vizuri." Na hapo, nikiwa bado nimepiga magoti, nilifurahi. Ilikuwa furaha fupi, ya mwanafunzi aliyepata jibu, lakini ilinipitia moyoni huku mkono wangu ungali karibu na mguu ule. Katika yote ya asubuhi ile, hiyo ndiyo ninayoisimulia kwa shida.

Masere akaniambia sasa niseme yote kwa Kiswahili, mgonjwa naye aelewe. Nikarudia. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na niliposema "minyoo" wanawake wa vitanda vya jirani waliinuka kwenye viwiko wasikilize. Mke wangu alikuwa ameugeuzia ukuta uso. Chini ya kikwembe hakuna kilichotikisika.

"Sasa jicho," alisema daktari.

Jicho lilikuwa sehemu ya mwisho ya somo. Unavuta kope la chini, unatazama nyama ya ndani kama ni nyekundu au nyeupe. Huwezi kufanya hivyo bila kufunua uso, wala bila kumtazama mtu machoni kwa karibu kuliko mume anavyomtazama mkewe. Nilinyoosha mkono, ukasimama hewani. Nilijua kwamba sitaweza, na nilijua pia kwamba sitathubutu kukataa, na nilikaa hivyo mbele ya daktari.

Ndipo mama mkwe wangu akasema. Hakusema nami, alisema na binti yake, kwa sauti iliyotoka kwa shida, akipumua katikati ya maneno.

"Mwambie munganga asinishike tena. Jicho langu nitalifungua mimi mwenyewe."

Akashusha kikwembe mpaka puani. Akatazama juu, kwenye mabati ya dari, akaweka kidole chake chini ya jicho na kuvuta kope. Ndani palikuwa peupe kama unga wa muhogo. Alilishikilia hivyo bila kuuliza kama imetosha, na machozi yakajaa kwa sababu ya ule mvuto, au kwa sababu nyingine, yakamtiririka kuelekea sikioni. Daktari aliinama, akatazama, akasema ndiyo, nyeupe kabisa. Wanafunzi wakapita mmoja mmoja kutazama. Mama mkwe hakukishusha kidole mpaka wa mwisho alipopita. Kisha akajifunika tena.

Alipewa dawa ya kutoa minyoo, ile chungu inayofuatwa na dawa ya kuharisha, na baadaye vidonge vya madini ya chuma. Mimi sikuingia tena kwenye chumba kile. Mwenzangu ndiye aliyempelekea dawa, na jioni alinieleza hali yake akiwa anakunja bendeji, bila mimi kumuuliza: leo amekula wali, leo amekaa nje, uvimbe umeshuka mpaka kwenye vifundo. Sikumshukuru kama ilivyopasa. Niliona haya hata mbele yake, kwa sababu yeye alijaribu kuniokoa, nami nikapiga magoti.

Mke wangu alikuwa akipika nyuma ya hospitali pamoja na jamaa wa wagonjwa wengine. Nilimfuata huko. Alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na hakuacha kutwanga nilipofika. Nikamwambia kwamba wangenifukuza shule.

"Najua," alisema.

Akatwanga tena, akakusanya majani kwa mkono kutoka kwenye kuta za kinu. Halafu akasema, "Najua. Hata hivyo nilitaka ukatae."

Alinipakulia chakula nikale kambini.

Habari zilifika Kabambare kabla mgonjwa hajatoka, kwa sababu wale wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa na midomo na malori yalikuwa yakipita. Mjomba wa mke wangu, kaka wa mama mkwe, alikuja kwa baiskeli, suruali imejaa matope mpaka magotini. Nilingoja anitukane. Alinikalisha kwenye kivuli cha jengo la kufulia, akaniuliza nilichofanya, na nilipomweleza hakunikatiza.

"Uliona sura yake?" aliuliza.

"Niliona jicho, mjomba."

Alisema wazungu wana kazi yao, na yeye hana nguvu ya kuwafundisha. Lakini jambo limefunuliwa na lazima lifunikwe. Akanitaka nilete kuku jike mweupe na kikwembe kipya, niviweke chini na kugeuza mgongo. Kikwembe nilikipata dukani kwa kuuza koti langu la harusi, kuku alinipa mama yangu. Siku mama mkwe alipotoka hospitali, waliketi na mjomba nyuma ya mkeka uliosimamishwa, nami nikasimama upande wa pili, mgongo kwao. Nilisikia nguo ikikunjuliwa. Kisha nikamsikia yeye, sauti sasa ikiwa na pumzi za kutosha, akimwambia binti yake:

"Mwambie bwana yako, ule aliyenishika muguu alikuwa mutu wa lopitali. Mukwe wangu sijamuona, na yeye hajaniona."

Mjomba alisema limekwisha. Mke wangu alianza tena kuzungumza nami kama zamani, si siku hiyo, lakini alianza. Kwao jambo lilikuwa limefunikwa kweli. Mimi nilirudi kwenye marudio nikiwa nimesamehewa, na bado nilipofumba macho niliuona ule weupe wa ndani ya kope. Maneno yake yalikuwa zawadi, nami nilijua si ya kweli. Nilikuwa nimemwona.

Mtihani nilipita. Daktari, alipokuwa akinipa mkono, aliwaambia wazungu wawili waliokaa naye mezani kwamba huyu ndiye yule wa mama mkwe, nao wakacheka, kwa hiyo nikajua kwamba nimekuwa kisa cha kusimuliana wakinywa bia. Nilipopelekwa kufanya kazi kwenye dispensari ya Kabambare, msimamizi wa wilaya alinipokea kwa swali hilohilo, akitabasamu: mama mkwe hajambo? Nikajibu hajambo, bwana. Nilijibu hivyo kila aliponiuliza, kwa miaka yote aliyokaa pale.

Kazi yangu huko ilikuwa pamoja na kuzunguka vijiji nikifundisha watu kuchimba vyoo na kukinga miguu. Zamu ya Lusangi ilipofika nilitamani niumwe. Niliongea katikati ya kijiji, chifu amekaa kitini, watu chini. Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba ya kwanza. Nilijua kwa jinsi watoto walivyokuwa wakichungulia huko. Nilieleza safari ya mnyoo kutoka udongoni mpaka tumboni, mara hii kwa Kiswahili kizuri, bila haraka. Nilipomaliza, mke wangu, aliyekuwa amekwenda kumsalimu mama yake, alitoka nyuma ya nyumba na kusimama mbali.

"Mama anauliza," alisema. "Wanaolazimishwa kwenda shamba la pamba wakati wa mvua, wavae nini mguuni?"

Watu walinigeukia. Hapakuwa na mtu pale mwenye viatu isipokuwa chifu na mimi, maana kazi ilikuwa imenipa viatu. Pamba ilikuwa amri, na kuisema vibaya mbele ya chifu ilikuwa hatari kwangu na kwa mama mkwe. Nilisema jambo fulani kuhusu kunawa miguu jioni. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akarudi nyuma ya nyumba kulipeleka jibu hilo. Natumaini alilitengeneza kidogo njiani.

Dispensarini mama mkwe hakufika hata siku moja nikiwepo. Uchovu uliporudi, na ulirudi, alituma mtu kuuliza ni siku gani nimekwenda vijijini, akaja siku hiyo, akahudumiwa na msaidizi wangu. Nilipokuta dawa zimepungua kwenye kabati nilijua alikuwa amekuja, na sikuuliza.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, ilibidi mama mkwe aje kumwogesha mjukuu na kumkanda binti yake kwa maji ya moto, kama inavyotakiwa. Nilihamia kwenye chumba cha dawa, nikatandika mkeka kati ya makasha. Asubuhi nilisikia maji yakimwagwa uani, na mtoto akilia, na sauti ya nyanya yake ikimwimbia kwa Kibangubangu, lugha ya Kabambare ambayo mimi niliijua nusu. Alikaa mpaka mtoto akaweza kushika shingo. Siku ya kuondoka, lori la pamba lilisimama mbele ya dispensari, nami nikabaki ndani, nikapanga chupa ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa, mpaka niliposikia limeondoka.